Moss kabla ya mpira, Rice baada ya mpira

Ukitaka Jerry Rice ashindwe kwenye ubishi wa nani alikuwa mdakaji bora kuliko wote, acha klipu ziongee. Hakuna mdakaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, anayependeza kwenye video ya dakika mbili kumshinda Randy Moss: mpira umerushwa juu mno, mabeki wawili wamembana, mara mkono mrefu unachomoza juu ya vichwa vyao na kuuchukua mpira kana kwamba hawapo. Klipu za Rice, kwa asiyejua anatazama nini, zinachosha. Anakimbia yadi nane, anakata ndani, anadaka kifuani, anakimbia. Inayofuata ni hiyo hiyo. Kijana aliyeanza kufuatilia mchezo huu baada ya wote wawili kustaafu anatazama video mbili na kesi kwake imekwisha.

Moss mwenyewe alishaitoa hukumu hiyo. Januari 2013, New Orleans, siku chache kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi, aliwaambia waandishi kwamba yeye ndiye mdakaji bora kuliko wote waliowahi kucheza. Akaongeza kuwa yeye haishi kwa takwimu bali kwa athari aliyoiacha uwanjani. Alikuwa na jezi ya San Francisco 49ers, timu ya zamani ya Rice, wakati huo, yaani alikwenda kuyasema hayo akiwa ndani ya nyumba aliyoijenga Rice. Rice akajibu jinsi ambavyo ungetegemea: akawaelekeza watu kwenye namba zake na pete zake tatu za ubingwa.

Mimi niko na Rice. Ila sababu inayotolewa kila siku, kwamba namba zake ni kubwa mno, naiona dhaifu, na waungaji mkono wa Moss wana haki ya kuicheka. Mtu aliyecheza misimu 20 lazima awe na namba kubwa. Na pete ni mali ya timu nzima, pamoja na mabeki na mpigaji wa mpira. Tukitaka kupima ujuzi, tuuangalie ujuzi wenyewe: kila mmoja alijua kufanya nini, na alihitaji nini kutoka kwa wengine ili akifanye.

Kwa msomaji anayekutana na mchezo huu mara moja kwa mwaka, saa nane na nusu za usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Super Bowl inapoanza: timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifaulu inapewa manne mengine. Mrushaji, yaani kwotabeki, anaweza kumkabidhi mkimbiaji mpira au kuurusha kwa wadakaji waliosimama pembeni. Mdakaji anapofika na mpira katika eneo la mwisho ni tachidauni, pointi sita. Mbele yake yupo beki wa pembeni anayemkaba yeye, na nyuma kabisa wapo mabeki wa mwisho wawili wanaolinda kila kitu kilichowapita wenzao. Hao wawili wa nyuma tuwakumbuke, maana habari ya Moss kwa kiasi kikubwa ni habari yao.

Moss alitokea Rand, kijiji cha West Virginia, na njia yake ya kufika NFL ilikuwa na visiki. Notre Dame ilimnyima nafasi aliyokuwa ameipata, Florida State ikamwondoa, akaishia Marshall, chuo cha jimboni kwao. Pale aliwafanyia mabeki mambo ambayo hayakuwa haki. Mwaka 1997 alipata tuzo ya Biletnikoff ya mdakaji bora wa vyuo. Urefu wake ni takriban mita 1.93, na muda unaotajwa wa mbio zake za yadi 40 ni sekunde 4.25. Mtu mrefu hivyo hatakiwi kuwa na kasi hiyo. Hata hivyo, kwenye drafti ya 1998, pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji kutoka vyuoni, wachezaji wengine 20 walichaguliwa kwanza, timu nyingi zikihofia tabia yake, ndipo Minnesota Vikings wakamchukua. Dallas Cowboys walikuwa miongoni mwa waliompita. Novemba mwaka huohuo, Siku ya Shukrani, alikwenda Dallas na kudaka mpira mara tatu tu katika mechi nzima. Zote tatu zilikuwa tachidauni, za yadi 51, 56 na 56.

Watu husema kipaji, na neno hilo linamdhulumu. Kasi na urefu alizaliwa navyo, sawa, lakini ligi imejaa wanaume warefu wenye kasi ambao majina yao hayakumbukwi na mtu. Alichokuwa nacho Moss ni kusoma mpira ukiwa hewani na kuificha habari hiyo mpaka mwisho. Beki anayekimbizana na mdakaji hauoni mpira, umeshapita juu yake; anachotazama ni mwili wa mdakaji. Macho yakipanuka na mikono ikianza kunyanyuka, beki anajua mpira umefika, naye ananyoosha mkono wake kuuharibu. Moss hakunyanyua mikono. Alikimbia ameilegeza kiunoni kana kwamba mpira umekwenda upande mwingine, halafu katika sehemu ya mwisho ya sekunde ndipo mikono inatoka. Beki anashtuka mpira umeshadakwa. Huo ni ujuzi, tena wa kichwa, na haupimwi kwa saa ya maskauti, wale wasaka vipaji wa timu.

Sasa wale wawili wa nyuma. Kocha wa ulinzi aliyekutana na Moss hakuwa na namna ila kumwachia beki wa mwisho upande wake, mbali, akimsubiri. Wakati mwingine wawili. Kila mtu anayewekwa nyuma ni mtu aliyetolewa mbele, kwa hiyo mkimbiaji anapata upenyo na mdakaji mwingine anabaki na beki mmoja. Green Bay Packers, waliofungwa naye mbele ya taifa zima usiku wa Jumatatu Oktoba 1998 kwa yadi 190, walitumia chaguo zao tatu za kwanza za drafti ya 1999 kuchukua mabeki wa nyuma watatu. Timu nzima ilipanga mwaka wake kwa ajili ya mtu mmoja asiye wake.

Na kuna ushahidi ambao kwangu una uzito kuliko klipu zote. Vikings ya 1998, Moss akiwa katika msimu wake wa kwanza, ilifunga pointi 556 na kuvunja rekodi ya ligi. Miaka tisa baadaye rekodi hiyo ilivunjwa na New England Patriots ya 2007, pointi 589. Mdakaji mkuu wa timu hiyo alikuwa Moss. Tom Brady hakuwahi kurusha zaidi ya tachidauni 28 kwa msimu kabla yake. Mwaka huo alirusha 50, na 23 kati ya hizo zilikwenda kwa Moss, rekodi isiyovunjwa. Wes Welker, mfupi wa kimo na asiyechaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, alikuwa amedaka mara 67 akiwa na Miami mwaka 2006. Alipocheza katikati ya uwanja ambao Moss ameutawanya, alidaka mara 112. Sidhani kuna mdakaji mwingine, Rice akiwemo, aliyewahi kuinufaisha timu kiasi hicho bila kuugusa mpira.

Ndiyo maana nasema Moss ni mchezaji wa kabla ya mpira. Kazi yake kubwa ilikamilika mpira ukiwa bado mkononi mwa kwotabeki, au ukiwa hewani. Akishaudaka, mara nyingi hapakuwa na la kufanya tena, maana alikuwa ameshaingia eneo la mwisho.

Rice ni habari nyingine kabisa, na inaanzia Crawford, Mississippi, kwa baba mwashi. Wakati wa kiangazi watoto walimsaidia kazi. Ndugu zake wakimrushia matofali, yeye akidaka. Mwenyewe amelisimulia hilo mara nyingi. Chuo chake, Mississippi Valley State, kiko Itta Bena, mji mdogo ambao Wamarekani wengi hawaujui. Kocha Archie Cooley na kwotabeki Willie Totten walicheza mchezo wa kurusha tu, bila kupumzika, na mwaka 1984 Rice alidaka tachidauni 27. Bill Walsh, kocha wa 49ers, alimwona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya hotelini Houston, usiku wa kuamkia mechi. Maskauti walikuwa na shaka, kwa sababu muda wake wa yadi 40 ulitajwa kuwa karibu sekunde 4.7, na huo kwa mdakaji ni wa kawaida, labda chini ya kawaida. Kwenye drafti ya 1985 wadakaji wawili, Al Toon na Eddie Brown, walichaguliwa kabla yake. 49ers walilazimika kubadilishana chaguo na Patriots ili wampate katika nafasi ya 16.

Alivyokuwa akiifanya kazi yake kunaeleweka zaidi ukimtazama beki kuliko ukimtazama yeye. Kila njia aliyokimbia ilianza vilevile. Hatua tano, sita za kwanza, mwinamo uleule wa mwili, kasi ileile, iwe atakata ndani, atatoka nje au atanyoosha moja kwa moja. Beki hapati dokezo lolote. Kisha Rice anakata kona bila kupunguza mwendo. Hapo ndipo saa ya maskauti ilipomkosea: wengi wenye sekunde 4.4 wanapotaka kugeuka hufunga breki, na beki mwenye uzoefu huisubiri breki hiyo. Rice hakuwa na breki ya kusubiriwa. Akiwa na mpira mkononi alionekana ana kasi kuliko mabeki ambao kwenye mbio za yadi 40 wangemwacha.

Mfumo wa Walsh ulitegemea hilo. Joe Montana alirudi hatua tatu na kurusha kabla Rice hajageuka, akiulenga mahali ambapo Rice alitakiwa awe. Mdakaji akichelewa nusu hatua, mpira ni wa adui. Kwa hiyo kutimiza yadi kamili na kwa muda kamili ni ujuzi uleule wa kasi, ila haupigiwi makofi. Halafu linakuja lile lililomfanya Rice awe Rice: akiupokea mpira yuko kwenye mwendo, na hatua ya kwanza baada ya kudaka ni ya kwenda mbele, haina kusita. Mazoezini alikuwa na desturi iliyowaudhi wenzake. Kila mpira aliodaka, hata pasi ya yadi tano, aliukimbiza mpaka eneo la mwisho. Septemba 1988, ugenini kwa New York Giants, zikiwa zimebaki sekunde 42 na timu yake iko nyuma, alidaka mpira, akawapita mabeki waliokuwa wamemzunguka na kumaliza tachidauni ya yadi 78. Sehemu ya yadi hizo haikutokana na mrushaji.

Asifanywe malaika. Mwaka wake wa kwanza mpira ulimponyoka mara nyingi hadi mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Kwenye mtoano dhidi ya Giants Januari 1987 alikuwa peke yake anaelekea kufunga, mpira ukamtoka bila kuguswa na mtu. Timu ikafungwa 49 kwa 3. Na mwaka 2015 alikiri kwamba alikuwa akipaka gundi kwenye glavu, kitu ambacho ligi ilikipiga marufuku mwaka 1981, akijitetea kuwa wachezaji wa wakati wake wote walifanya hivyo. Mashabiki wa Moss huipenda sana hadithi hiyo. Waipende tu, gundi haikukatii kona.

Tuje kwenye namba, kwa sababu zinasema kitu tofauti na kile watu wanachodhani zinasema. Rice: mipira 1,549, yadi 22,895, tachidauni za kudaka 197, katika mechi 303. Moss: mipira 982, yadi 15,292, tachidauni 156, katika mechi 218. Ukiacha hapo, Rice kashinda kwa mbali. Ukigawa kwa mechi, Rice ana yadi 75.6 na Moss 70.1, pengo dogo. Ukigawa tachidauni, Moss yuko mbele: 0.72 kwa mechi dhidi ya 0.65. Moss alifunga kila baada ya mipira 6.3, Rice kila baada ya 7.9. Anayesema takwimu zimeshaimaliza kesi hajazifungua.

Nikazipanga kwa miaka. Misimu sita ya kwanza ya Moss, 1998 hadi 2003, ilikuwa na mipira 525, yadi 8,375 na tachidauni 77. Sita ya kwanza ya Rice, 1985 hadi 1990: mipira 446, yadi 7,866, tachidauni 79. Ungewasimamisha wote hapo usingeweza kuwatenganisha, ingawa Rice alikosa mechi za mgomo wa wachezaji wa 1987, na katika mechi 12 alizocheza mwaka huo alifunga tachidauni 22. Rudia kuisoma namba hiyo. Rekodi ya Moss ni 23 kwa mechi 16.

Kuanzia hapo ndipo njia zinaachana. Msimu wa 1995 Rice alitimiza miaka 33 na kudaka mipira 122 kwa yadi 1,848, rekodi iliyodumu mpaka Calvin Johnson alipoivunja mwaka 2012. Msimu wa 2010 Moss alikuwa na miaka 33. Alianza na Patriots, akapelekwa Vikings, akaachwa, akachukuliwa na Tennessee Titans, na kwa timu zote tatu jumla alidaka mara 28. Rice aliumia goti vibaya mwaka 1997, jeraha ambalo kwa wengi wa umri wake lingekuwa mwisho. Mwaka uliofuata alivuka yadi 1,100.

Hapo mtu anaweza kuniambia huo ni uvumilivu, si ujuzi, na mlima aliokuwa akiupanda kila siku San Carlos, California, ndio ulimtunza. Sikubali kuvitenganisha. Ujuzi unaotegemea kuwa wewe ndiye mwenye kasi kuliko wote uwanjani unapungua siku unapoacha kuwa hivyo. Wa kukata kona kwa wakati, kufika yadi kamili na kumficha beki unakokwenda haupungui kwa mwendo huo. Maisha marefu ya Rice ni matokeo ya aina ya ujuzi aliokuwa nao.

Bahati nzuri ligi ilitupa jaribio karibu la maabara. Wote wawili walivaa jezi ya Oakland Raiders. Rice alifika mwaka 2001, baada ya 49ers kuamua kwamba amekwisha. Mwaka 2002, alipotimiza miaka 40, alidaka mipira 92 kwa yadi 1,211, Raiders wakafika Super Bowl, wakafungwa vibaya na Tampa Bay, naye akafunga tachidauni hata katika kipigo hicho. Moss alifika 2005, akiwa na miaka 28. Msimu wa kwanza alipata yadi 1,005 akiwa na maumivu. Wa pili, 2006, mipira 42, yadi 553, tachidauni 3.

Najua jibu, na ni jibu zuri. Rice alirushiwa na Rich Gannon, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka huo wa 2002. Raiders ya 2006 ilishinda mechi mbili tu na kufunga pointi 168 msimu mzima. Yeyote angezama pale. Kweli. Lakini angalia ilivyozama. Njia ya Moss inahitaji kwotabeki asimame na mpira kwa muda mrefu mpaka yadi 40 zikimbiwe, na inahitaji mkono wa kuurusha mpira huko. Ukuta wa mbele unaomlinda kwotabeki ukivuja, muda huo haupo, na Moss anakuwa mtu mrefu anayekimbia peke yake pembeni. Mpira wa Rice wa kukata ndani unatoka mkononi ukuta haujaanza kuvuja. Novemba 2006 Moss alisema hadharani kwamba kutokuwa na furaha pale kulimpunguzia umakini, na ndiyo maana mipira ilikuwa ikimtoka. Namheshimu kwa ukweli huo. Ila unahesabika.

Kuna ushahidi mwingine kutoka Minnesota, na huu hauna uhusiano na timu mbovu. Mwaka 2002 kocha Mike Tice alitangaza mpango wa kumrushia Moss asilimia 40 ya pasi zote. Akadaka mara 106, wastani wa yadi 12.7 kwa mpira, tachidauni 7 tu, idadi ndogo kuliko msimu mwingine wowote wa kipindi chake cha kwanza Minnesota. Timu ikashinda mechi 6 na kupoteza 10. Ulipomlazimisha Moss kufanya kazi ya Rice, kudaka kila mara, fupi na ndefu, alibaki mzuri na akaacha kutisha.

Hoja ngumu zaidi dhidi yangu ni ya warushaji. Rice alirushiwa na Montana kisha Steve Young, wote wawili wako Canton katika Ukumbi wa Umaarufu. Moss mwaka 1998 alirushiwa na Randall Cunningham, mwenye miaka 35, aliyekuwa amestaafu miaka miwili kabla na kufanya biashara ya mawe ya granite Las Vegas. Mwaka 1999 akawa Jeff George, na 2000 Daunte Culpepper, anayeanza kwa mara ya kwanza. Kila mmoja wao alicheza vizuri mno akiwa na Moss. Hilo nalikubali lote, na kama kipimo kingekuwa nani alimfanya mrushaji wa kawaida aonekane mkubwa, ningemwandikia Moss ushindi sasa hivi. Kuna msimu mmoja tu wa kuuweka upande wa pili wa mizani: 1986, Montana alifanyiwa upasuaji wa mgongo na kucheza mechi 8 tu. Rice aliongoza ligi kwa yadi, 1,570, na kwa tachidauni, 15, huku nusu ya msimu akirushiwa na Jeff Kemp na Mike Moroski.

Suala la bidii silipendi, kwa sababu limetumiwa kumpiga Moss kwa namna isiyo ya haki tangu aliposema mwaka 2001 kwamba anacheza anapotaka kucheza. Kauli ilimfuata mpaka mwisho. Lakini kuna sehemu yake iliyo ya kiufundi. Njia ya mdakaji asiyerushiwa mpira nayo ni sehemu ya mchezo: ukikimbia kwa uvivu pale ambapo mpira si wako, beki anajua mara moja kwamba hauji kwako, na anakwenda kusaidia kwingine. Rice alikimbia njia zote kwa kasi moja na aliwazuia mabeki kwa ajili ya wakimbiaji wake. Kwa hiyo beki wake hakupata hata mara moja ruhusa ya kumwacha.

Nimalizie na dakika za mwisho za mechi mbili. Super Bowl ya Februari 2008, Glendale, Arizona. Patriots hawajafungwa msimu mzima. Zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde 42 Moss anafunga tachidauni ya kuongoza, Giants wanarudi na kuongoza 17 kwa 14, na Brady anabaki na sekunde 29. Mpango ni uleule uliovunja rekodi zote: tupa mbali, Moss yupo. Giants walikuwa wamemwangusha Brady mara tano usiku ule. Alimtupia Moss mipira miwili mirefu na yote ikaanguka chini.

Super Bowl ya Januari 1989, Miami. Cincinnati Bengals wanaongoza 16 kwa 13, 49ers wako kwenye yadi ya 8 ya upande wao na dakika zilizobaki ni tatu na kidogo. Yadi 92 za kwenda. Montana hakutupa mbali. Alimtafuta Rice mara tatu katika safari hiyo, yadi 7, yadi 17, kisha yadi 27 wakati timu inadaiwa 20, jumla yadi 51. Jioni ile Rice alimaliza na mipira 11, yadi 215 na tuzo ya mchezaji bora. Tachidauni ya ushindi lakini haikuwa yake. Zikiwa zimebaki sekunde 34 walimtembeza Rice kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama chambo, na mpira ukaenda katikati kwa John Taylor. Kazi tunayomsifia Moss, ya kufunga bila kuugusa mpira, Rice aliifanya pia, baada ya kuwa ameubeba mpira huo zaidi ya nusu ya njia.